Shaba, mrututu na mkono unaotetemeka

Wasomaji wangu, mwezi huu mfuko wa barua umejaa shaba. Sababu naijua. Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu, unasema wataalamu wa Australia wamegundua kwamba ubongo wa mgonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, umepungukiwa shaba na kwamba "dawa ya shaba" imewaponya panya. Ujumbe huo una ukweli ndani yake, ndiyo maana unanitisha. Uongo mtupu watu huutupa. Ukweli nusu wanaukoroga kwenye chai.

Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu kuna mtu anaweza kufa.

*

Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Machame. Baba yangu ana miaka 72. Alianza kutetemeka mkono wa kulia miaka mitatu iliyopita, sasa anatembea kwa hatua fupi za haraka kama anayetaka kuanguka kifudifudi, na uso wake umekauka, hata akifurahi huoni. Hospitali walisema ni Parkinson, wakampa vidonge vya levodopa na kabidopa mara tatu kwa siku. Mjomba amesoma kwamba tatizo ni upungufu wa shaba. Ghalani tuna mrututu wa kupigia kahawa, na mjomba anasema kwa kuwa mrututu ni shaba tumkorogee baba ncha ya kijiko kwenye chai kila asubuhi, vidonge tuache maana vinatumaliza fedha. Bangili ya shaba tayari amemvalisha. Tufanyeje?

Marahaba mwanangu. Weka gazeti chini kwanza, nenda ghalani, uchukue huo mrututu uufungie mahali ambapo mjomba hana ufunguo. Ukirudi tuendelee.

Mjomba hajakosea kusema mrututu ni shaba. Ni chumvi ya shaba na salfa, na shaba ni kama robo ya uzito wake. Sasa tupige hesabu ambayo mjomba hakupiga. Ncha ya kijiko cha chai inabeba gramu moja hivi. Ndani yake kuna shaba ya miligramu 250. Mwili wa mtu mzima unahitaji shaba ya miligramu 0.9 kwa siku, yaani hata miligramu moja haitimii. Kwa hiyo kikombe kimoja cha chai ya mjomba kina posho ya miezi tisa. Na shaba yote iliyomo mwilini mwa baba yako sasa hivi, kuanzia ini hadi mifupa, ni kama miligramu 100 tu. Mtamnywesha mara mbili na nusu ya hiyo kabla hajala kiamshakinywa, halafu kesho mrudie.

Nimefanya kazi dirishani pa dawa miaka 34. Nimemwona mtu aliyekunywa mrututu. Alikuwa kijana, alikunywa kwa makusudi baada ya ugomvi wa nyumbani, na matapishi yake yalikuwa ya rangi ile ile ya buluu ya kijani mnayoiona kwenye majani ya kahawa baada ya kupiga dawa. Sumu hiyo inaunguza tumbo, inapasua chembe nyekundu za damu, inaua figo na ini. Wazee wetu waliupaka mrututu kwenye vidonda sugu, ni kweli, lakini waliupaka nje. Na kwenye kahawa unazuia chule buni kwa sababu unaua kuvu. Kinachoua kuvu hakimchagui kiumbe.

Nimeanza na ukali kwa sababu ilibidi. Sasa nikueleze ukweli ule ambao mjomba aliupata nusu.

Ndani kabisa ya ubongo, chini, kuna sehemu ndogo nyeusi. Nyeusi kweli, ukiikata unaiona kwa macho. Seli zake hutengeneza dopamini, kemikali inayoufanya mwendo uwe laini: kunyanyua kikombe, kufunga kifungo, kugeuka kitandani. Kwa mgonjwa wa Parkinson seli hizo zinakufa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na mkono unapoanza kutetemeka sehemu kubwa imekwisha kwenda. Daktari James Parkinson wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817, lakini ilichukua zaidi ya miaka 140 mpaka Oleh Hornykiewicz, kule Vienna mwaka 1960, aonyeshe kwamba kinachopungua ni dopamini. Levodopa anayomeza baba yako ndiyo malighafi ya dopamini. Ikifika kwenye ubongo inageuzwa kuwa dopamini.

Habari ya shaba ilianza kwa watu waliopima madini katika ubongo wa marehemu. Mwaka 1989 kundi la London liliripoti kwamba ile sehemu nyeusi ya wagonjwa wa Parkinson ina chuma kingi kuliko kawaida na shaba pungufu. Mwaka 2014 wataalamu wa Sydney, kundi la Kay Double, wakaliona hilo tena kwa vipimo vizuri zaidi, wakakuta pia kwamba mlango wa kuingizia shaba ndani ya seli umepungua. Kisha mwaka 2017 wakaonyesha jambo ambalo mimi binafsi lilinikosesha usingizi: kuna kimeng'enya kiitwacho SOD1, kazi yake ni kuzima cheche za oksijeni zinazounguza seli, na hakiwezi kufanya kazi bila shaba. Ndani ya ubongo wa wagonjwa wale kimeng'enya hicho kilikuwa kimejikunja vibaya na kufanya mabonge, pale pale seli zinapokufa.

Ukiishia hapo utasema, basi tuongeze shaba. Lakini baba yako hajakosa shaba mwilini, mwanangu. Chakula cha kwenu Machame kina shaba ya kutosha. Kilichokatika ni njia. Wewe ni mkulima, utanielewa: bohari la Moshi limejaa mbolea hadi mlangoni, ila daraja la kupanda kwenu limechukuliwa na maji. Ukileta malori mengine kumi bohari, migomba yako itanenepa? Mbolea itamwagika mjini na kuunguza bustani za watu. Shaba ya ziada ndivyo inavyofanya kwenye ini.

Ndipo inapoingia dawa ile ya kwenye ujumbe. Jina lake ni Cu-ATSM. Ni atomu ya shaba iliyoshikwa na molekuli ndogo kama yai lililoshikwa na vidole vinne. Ikiwa imeshikwa hivyo haimgusi mtu njiani, inapenya damu na inaingia ubongoni. Ikifika ndani ya seli iliyo katika dhiki, iliyokosa oksijeni au inayoungua, vidole vinaachia. Awali haikutengenezwa kwa Parkinson hata kidogo. Iliwekewa shaba yenye mionzi ili madaktari waone kwenye picha ni sehemu gani ya uvimbe wa saratani haipati oksijeni. Mwaka 2012 kundi la Melbourne likawapa panya wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson, wa aina kadhaa, na panya wale walitembea vizuri zaidi na seli zao nyingi zilinusurika.

Mimi nafurahi kwa habari hiyo. Nafurahi sana, nitakwambia kwa nini. Lakini panya wale hawakuugua kama baba yako. Wengine walidungwa sumu iitwayo MPTP, ambayo iligundulika baada ya vijana wa California mwaka 1982 kujidunga dawa za kulevya zilizopikwa vibaya wakaganda kama sanamu. Sumu hiyo inaua seli kwa siku chache. Ugonjwa wa baba yako umetembea taratibu kwa miaka, labda kumi kabla mkono haujatikisika. Kwa binadamu Cu-ATSM imeshaingia kwenye majaribio ya mwanzo huko Australia, ya kuangalia kama ni salama na dozi iwe ngapi. Majaribio ya namna hiyo hayasemi kama inaponya.

Na usidhani tahadhari hii ni uoga wa wazungu. Sikiliza lililotokea kwa chuma. Nimesema chuma kimezidi kwenye ile sehemu nyeusi. Basi watu wenye akili zao wakasema: tukiondoe. Ipo dawa inayonasa chuma, inaitwa deferiproni. Wakachukua wagonjwa 372 huko Ulaya, wote wapya ambao hawajaanza levodopa, nusu wakapewa dawa hiyo na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa ndani, kwa wiki 36. Chuma kwenye ubongo kilipungua kweli, picha zilionyesha. Na wagonjwa waliopewa dawa hali yao ikawa mbaya kuliko ya wenzao. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Hesabu ilikuwa sahihi kwenye karatasi, mwili ukaikataa. Mjomba wako anataka kufanya jaribio kama lile, bila kipimo, juu ya mtu mmoja tu, na mtu huyo ni baba yako.

Bangili mwachie. Haina dhara, na kama inamfariji mjomba, heri. Bangili za shaba zilijaribiwa Uingereza, Chuo Kikuu cha York, kwa watu 70 wenye baridi yabisi, na mwaka 2013 wakasema hazikuwa na faida ya maana. Haiingizi shaba kwenye ubongo. Inaacha alama ya kijani mkononi tu, mwogeshe.

Sasa vidonge. Hapa nakuomba kama mama. Msiache ghafla. Mtu anayekunywa levodopa akikatishwa kwa siku moja anaweza kukakamaa mwili mzima, akapata homa kali, akapoteza fahamu. Kama fedha imekwisha, rudini kwa daktari kabla kidonge cha mwisho hakijamezwa, mwambieni wazi.

Kabla ya kusema dawa haifanyi kazi, angalia anaimeza vipi. Nilienda kwa kaka yangu, Kibosho, miaka sita iliyopita, na mke wake alikuwa anampa kidonge pamoja na bakuli la mtori wenye nyama, kwa upendo kabisa, ili kisimchome tumbo. Levodopa na protini ya nyama hugombania mlango mmoja wa kuingilia. Nyama ikishinda, dawa inabaki nje. Tulihamisha kidonge, akameza kwa maji nusu saa kabla ya mtori, na kwenye siku ya tatu alijifunga vifungo vya shati mwenyewe, vyote vitano, nikiwa nimekaa mbele yake nahesabu. Kile cha mwisho cha shingoni kilimchukua muda mrefu, kidole gumba kikiteleza, mimi nimekunja mikono nisimsaidie. Alipomaliza alinitazama bila kucheka kwa sababu uso wake haucheki tena, lakini mimi namjua kaka yangu.

Ugonjwa wake mimi ndiye niliyeuona kwanza, na sikuuelewa. Alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi, anaandika kilo za kahawa za kila mkulima kwenye daftari kubwa. Mwaka mmoja nilifungua daftari lile nikaona majina yanaanza makubwa kushoto, yanazidi kuwa madogo kuelekea kulia, mpaka tarakimu za kilo zimekuwa kama sisimizi. Nikamtania kwamba anabana wino. Tena alikuwa haisikii harufu ya kahawa inayokaangwa jikoni. Mwandiko unaosinyaa na pua isiyonusa ni dalili za Parkinson, nazo huweza kutangulia kutetemeka. Zahanati ya karibu ilimwambia ni uzee, ikamwambia hivyo miaka miwili mfululizo. Hakuwa peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipita wilaya yenu ya Hai, nyumba kwa nyumba, watu wapatao 161,000, ukakuta wagonjwa 33, na wengi wao hakuna aliyekuwa amewaambia wanaumwa nini.

Ndiyo maana nafurahi kwa habari za Melbourne na Sydney, mwanangu. Levodopa inampa kaka yangu masaa, haimrudishii seli. Dawa ya kuzuia seli zisife bado hakuna duniani. Ikipatikana nitaiandika hapa kwa herufi kubwa.

Mawili ya mwisho kwako. Kama baba anakunywa vidonge vya kuongeza damu, vile vya chuma, vipishane na levodopa kwa angalau saa mbili, kwa kuwa chuma huinasa dawa tumboni. Na akitapika, msikubali apewe metoklopramaidi bila kumwambia anayeitoa kwamba mgonjwa ana Parkinson. Ni dawa ya kawaida ya kichefuchefu, iko kila duka, na inaziba pale pale dopamini inapofanyia kazi. Nimeona wazee waliokuwa wanatembea wakaletwa wamebebwa.

*

Mama mpendwa, mimi nabangua korosho hapa Mtwara. Nasikia korosho zina shaba nyingi. Mama mkwe ana Parkinson. Nimlishe korosho? Na je, maini? Pia ananunua vidonge vya zinki, anasema vinaongeza kinga.

Dada yangu, mlishe korosho kwa sababu ni chakula kizuri na kwa sababu mnazo. Kiganja kimoja, gramu 28, kina shaba kama miligramu 0.6. Ufuta, kunde na maharage vimo pia. Maini ya ng'ombe ndiyo yanaongoza: kipande cha gramu 85 kina zaidi ya miligramu 12, ambacho ni kingi kuliko kiwango cha juu cha siku, kwa hiyo maini mara moja kwa wiki yanatosha sana. Hakuna chakula kilichoonyeshwa kuzuia Parkinson kwa njia ya shaba. Sababu nimeieleza hapo juu, kwa yule kijana wa Machame.

Swali lako la zinki ndilo lililonishtua. Zinki nyingi, ikimezwa kwa miezi, huzuia shaba isiingie mwilini kutoka kwenye utumbo. Mtu anapungukiwa damu, kisha miguu inakufa ganzi, anaanza kuyumba kwa sababu uti wa mgongo umeharibika. Ukiwa na mgonjwa wa Parkinson ambaye tayari anayumba, nani atajua kipi ni kipi? Nipigie picha ya chupa hiyo, upande wenye maandishi madogo, uitume pamoja na barua yako ijayo. Hadi hapo, aviache. Zinki si kama levodopa, haina shida kuikatisha.

*

Asalaam aleikum. Mimi ni mama kutoka Mombasa. Kijana wangu wa kiume ana miaka 19. Tangu mwaka jana mikono yatetemeka, maneno yamemwia mazito, mate yamtoka. Kwanza walimu walidhani avuta bangi. Hospitalini mmoja alisema ni Parkinson ya ujana. Mwaka juzi alipata manjano na yakaisha. Nimesoma habari za shaba, nikaona huenda nimpe tembe za shaba za kununua. Wasemaje?

Waaleikum salaam dada. Usimpe. Na tafadhali usingoje barua yangu ya pili, jibu hili lipeleke hospitali kubwa likiwa mkononi.

Kijana wa miaka 19 anayetetemeka, anayeongea kwa uzito na aliyewahi kupata manjano, daktari lazima amfikirie ugonjwa wa Wilson kabla ya Parkinson. Na ugonjwa wa Wilson ni kinyume kabisa cha yale yaliyoko kwenye ujumbe wa simu: shaba imezidi. Ini ndilo linaloitoa shaba ya ziada kwa njia ya nyongo. Mtoto akirithi kwa baba na kwa mama jeni iliyoharibika, ini halitoi, shaba inarundikana ndani yake miaka yote ya utotoni, mtoto acheza mpira, asoma Kurani, hakuna anayejua. Kisha ini linafurika na shaba inapanda ubongoni. Samuel Alexander Kinnier Wilson aliueleza London mwaka 1912. Tembe za shaba kwa kijana kama huyo ni kumwagia mafuta kwenye moto.

Kuna jambo moja naomba ulifanye nyumbani, halina gharama. Mkalishe karibu na dirisha mchana, mwanga umjie kwa upande, umtazame jicho. Si mboni, bali ukingo wa nje wa ile duara yenye rangi, pale inapokutana na weupe. Je, kuna pete nyembamba ya rangi ya kahawia yenye ukijani, hasa juu na chini? Kwa macho meusi ya watoto wetu ni vigumu kuiona, hata daktari huhitaji taa maalumu, kwa hiyo ukikosa kuiona usitulie. Mwambie daktari wa macho aitafute. Nilimwona mmoja tu maishani mwangu, msichana, na pete ile ilikuwa kama ukingo wa sinia kuukuu la shaba.

Vipimo vya kuomba ni hivi: seruloplazimini kwenye damu, ambayo ni protini inayobeba shaba, na shaba iliyomo kwenye mkojo wa masaa 24, pamoja na vipimo vya ini. Mkojo wote wa siku nzima ukusanywe, hata wa usiku.

Nikuambie la kutia moyo, na ni kweli tupu. Ugonjwa huu uliua karibu kila aliyeupata mpaka mwaka 1956, alipotokea daktari John Walshe wa Uingereza akaonyesha kwamba penisilamini huinasa shaba na kuitoa kwa mkojo. Leo kuna dawa nyingine pia, na zinki, hiyo hiyo ninayomkataza mama mkwe wa Mtwara, hapa ni dawa kwa sababu inazuia shaba isiingie. Mgonjwa humeza maisha yake yote. Lakini anaishi, anaoa, na kutetemeka kunaweza kupungua sana akiwahiwa. Akikutwa nao, ndugu zake wote wa tumbo moja wapimwe hata kama ni wazima, kwa sababu kila mmoja wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa nao kimya kimya. Hadi majibu yatoke, mwondolee maini, korosho, chokoleti na pweza na kombe wa pwani.

Na kuhusu bangi: mwombe radhi mtoto kwa niaba ya walimu. Kutuhumiwa huku mwili unakutupa ni mzigo mwingine.

*

Mama, jambo kwako. Naandika toka Lubumbashi. Nilifanya kazi ya moto, kuyeyusha shaba, miaka 27, moshi na vumbi kila siku, kitambaa tu mdomoni. Sasa nina miaka 68, mkono wa kushoto unatetemeka nikiukalisha, nikishika kitu unaacha. Watoto wanasema kwa kuwa nilivuta shaba nyingi Parkinson haiwezi kunipata. Kweli?

Baba, jambo sana. Nimefurahi kupata barua kutoka mkoa uliowahi kupewa jina la madini yenyewe. Mkoa wenu uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na kabla ya mashine, wafanyabiashara wa Unyamwezi walitembea kwa miguu kuja kuchukua shaba yenu. Kwa hiyo swali lako ni la nyumbani.

Watoto wamekosea, na heri waambiwe sasa. Shaba inayoingia kwa mapafu, kwa vumbi na moshi, si kinga. Mwaka 1997 watafiti wa Detroit, Marekani, waliwalinganisha wagonjwa 144 wa Parkinson na watu 464 wasio nao, wakawauliza kazi zao za maisha. Waliofanya kazi na shaba zaidi ya miaka 20 walionekana kupata ugonjwa mara mbili na nusu ya wengine. Waliokuwa na kazi ndefu hivyo walikuwa wachache, kwa hiyo usiichukue kama hukumu. Ila umeuliza kama miaka 27 inakulinda, na jibu ni hapana.

Tena kwenye moto ule hukuvuta shaba peke yake. Madini hutoka ardhini yakiwa na wenzake. Kama kwenye kazi yako kulikuwa na manganizi, mwambie daktari kwa jina. Tangu mwaka 1837 daktari John Couper wa Glasgow aliandika juu ya wanaume waliokuwa wakisaga madini ya manganizi wakadhoofika miguu na kutembea wameinama mbele. Ugonjwa wa manganizi hufanana na Parkinson, lakini mara nyingi levodopa haiusaidii vizuri, kwa hiyo ni muhimu atofautishe.

Maelezo yako mwenyewe ni mazuri kuliko ya madaktari wengi: mkono mmoja, unatetemeka ukiukalisha, unatulia ukishika kitu. Hivyo ndivyo Parkinson inavyoanza. Ugonjwa wa manganizi kwa kawaida hushika pande zote mbili mapema na kutetemeka kwa kupumzika si sifa yake kubwa. Sikupimi kwa barua, Baba, ila ukienda hospitali usiseme tu "natetemeka". Sema hivyo hivyo ulivyoniandikia. Andika kwenye karatasi miaka uliyofanya kazi, sehemu ya kiwanda, na madini yaliyokuwa yakipita. Kisha mbele ya daktari andika sentensi moja ndefu, aone kama herufi zinasinyaa.

Na kabla hujaenda, mwambie mama wa nyumbani akuletee kahawa iliyosagwa au sabuni, ufumbe macho, useme ni nini. Ukijibu, niandikie. Nataka kujua ulinusa nini.